Homa ya ini C na ujauzito: utibiwe kabla ya mimba, ndani ya mimba au baada ya kujifungua?

Mwanamke aliyewahi kujidunga unga (heroini), au mwenye mume anayejidunga, akiambiwa ana homa ya ini C hupata ushauri wa kila namna kwa siku moja. Mmoja atamwambia aanze dawa haraka kabla mtoto hajazaliwa. Mwengine atamwambia dawa hizo mja mzito hazigusi. Wa tatu, mara nyingi mtu wa nyumbani kwake, atamshika mkono na kumwambia kwanza aache methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, kwa sababu "itamuumiza mtoto".

Huo wa tatu ndio wa hatari kuliko yote, na nitaueleza mbele. Wawili wa mwanzo kila mmoja ana hoja yake, na ndipo mtu anapokwama. Makala haya yanaziweka nyakati tatu za kutibiwa ubavu kwa ubavu, kwa ajili ya wanawake wa Unguja na Pemba ambao unga umepita katika maisha yao au katika nyumba zao, na kwa ajili ya mama, dada na waume wanaowasaidia kuamua.

Kabla ya kulinganisha, hakikisha kirusi kipo

Kipimo cha haraka cha tone la damu kinaonyesha kwamba mwili wako umewahi kukutana na kirusi cha C. Hakionyeshi kwamba kirusi kingali ndani. Kiasi cha watu 30 katika kila 100 walioambukizwa hukiondoa wenyewe bila ya dawa ndani ya miezi sita ya mwanzo, lakini kipimo cha haraka kitaendelea kuwaonyesha alama maisha yao yote. Kinachothibitisha ni kipimo cha pili, kinachotafuta kirusi chenyewe. Mashine ya GeneXpert, ile inayotumika kupimia kifua kikuu, inaweza kukifanya ikiwekewa katriji yake. Kwa hiyo ukipewa jibu la kwanza tu, usitoke na machozi wala na dawa. Uliza kipimo cha pili kinafanyika wapi.

Usidhani pia kwamba C imo ndani ya damu uliyotolewa kliniki ya wajawazito. Kadi yako inaweza kuwa na majibu ya VVU na kaswende, pengine na homa ya ini B, na C isiwemo. Taja jina lake na uombe.

Ikithibitika kirusi kipo, hivi ndivyo hali ilivyo. Katika wajawazito 100 wenye kirusi hai, watoto wapatao sita ndio huambukizwa. Mama mwenye VVU visivyodhibitiwa hatari yake hukaribia mara mbili. Chanjo ya C haipo. Dawa ipo: vidonge vya kumeza, kwa mfano sofosbuviri pamoja na daklatasviri, kwa kawaida kwa wiki 12, na zaidi ya watu 95 katika 100 wanaomaliza dozi hupona kabisa. Swali linalobaki ni la wakati.

Vigezo nilivyotumia

Nimeziangalia nyakati hizo tatu kwa mambo matano. La kwanza ni mtoto: je, njia hii inamkinga, na usalama wake tunaujua kiasi gani? La pili ni mama na ini lake. La tatu ni kumaliza dozi, yaani kama mwanamke huyu kweli atafika siku ya mwisho ya vidonge. La nne ni mfuko na mwendo, maana mtu wa Makangale au Makunduchi hana safari ya mtu wa Rahaleo. La tano ni siri.

Kwa maoni yangu kigezo cha tatu ndicho kizito, na ndicho kinachosahauliwa na wanaotoa ushauri. Wakati mzuri kwenye kitabu haumsaidii mwanamke ambaye wakati huo hatakuwa mikononi mwa huduma yoyote.

Njia ya kwanza: kutibiwa kabla ya kubeba mimba

*Mtoto.* Hapa ndipo kinga inapokamilika. Mama aliyepona hana kirusi cha kumpa mtoto, na mtoto hakutani na dawa. Tahadhari moja ni ribavirini, ambayo wagonjwa wengine huongezewa: hiyo hudhuru mimba, na mume anayeitumia naye anahusika, kwa hiyo kuzuia mimba kunaendelea kwa muda usiopungua miezi sita baada ya kidonge cha mwisho. Dozi za siku hizi kwa wagonjwa wengi hazina ribavirini, lakini muulize daktari wako waziwazi kama yako inayo.

*Mama.* Ini linapumzika mapema. Kabla ya kuanza lazima apimwe homa ya ini B, kwa sababu kirusi cha C kinapoondoka, B iliyolala inaweza kuamka kwa nguvu. Kama anameza dawa za VVU au za kifua kikuu, aziseme zote. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya dawa hizi mwilini, na efavirenzi ya VVU hubadilisha kipimo au aina ya dawa. Methadoni haina ugomvi nazo.

*Kumaliza dozi.* Kidonge ni mara moja kwa siku, na hii sofosbuviri na daklatasviri humezwa na chakula au bila chakula, hivyo hata Ramadhani mtu hupanga kumeza wakati wa futari au wa daku bila ya kukatisha. Kizuizi kikubwa ni unga wenyewe. Mwanamke aliyezoea kuamka na arosto, yaani maumivu ya kuukosa unga, hupanga siku yake kwa kete, vidonge vinakuja baadaye. Aliye kwenye methadoni ana nafasi kubwa zaidi, kwa sababu kila siku anaonekana na mhudumu yule yule, na kidonge cha C kinaweza kumezwa pale pale.

*Mfuko na mwendo.* Kwa makubaliano ya ununuzi wa jumla kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, dozi nzima ya wiki 12 imeshuka hadi kiasi cha dola 60. Bei ya duka la dawa ni jambo jengine kabisa, kwa hiyo usiende dukani kabla ya kuuliza hospitali. Njia hii inakupa muda wa kuulizia bila ya tumbo kukukimbiza.

*Siri.* Ni rahisi zaidi kuilinda. Hakuna mkwe anayekuhesabia safari za kliniki.

Inamfaa nani? Mwanamke ambaye hana mimba sasa na anataka mtoto baadaye, au aliye katikati ya mimba mbili. Haimfai asiyeweza kuzuia mimba kwa miezi hiyo, ingawa akishika mimba katikati ya vidonge asifadhaike wala asivitupe kimyakimya. Arudi kwa daktari siku ile ile waamue pamoja.

Njia hii ina sharti ambalo halimo kwenye kidonge. Mume anayejidunga naye apimwe na atibiwe. C hupita kwa damu: sindano, pamba, kijiko, maji ya kuchanganyia. Kujamiiana baina ya mke na mume hupitisha mara chache. Ipo pia tabia iliyoripotiwa Dar es Salaam na hapa Zanzibar, ya mtu aliyekosa unga kujidunga damu ya mwenzake aliyekwishapata. Wanawake wamekuwa wakifanyiana hivyo kwa huruma, ili mwenzao asiteseke na arosto, na hakuna njia ya uhakika kuliko hiyo ya kupitisha C na VVU kwa pamoja. Kupona hakumpi mtu kinga. Anaweza kuambukizwa tena wiki inayofuata.

Njia ya pili: kutibiwa ukiwa mja mzito

*Mtoto.* Hoja ya wanaoipenda njia hii ina nguvu. Maambukizi mengi hutokea mwishoni mwa mimba na wakati wa kuzaa, na dawa hizi hukishusha kirusi ndani ya wiki chache tu. Mama akianza wiki ya 24 akameza wiki 12, anamaliza wiki ya 36, kabla ya uchungu. Mpango huu hungojea viungo vya mtoto viwe vimekwishajiumba.

Hoja ya wanaoikhofia nayo ina nguvu. Shirika la Afya Duniani lilipozipendekeza dawa hizi mwaka 2018 kwa watu wazima kwa jumla, halikuzipendekeza kwa wajawazito, kwa sababu ushahidi wa usalama ulikuwa haujatosha. Utafiti mdogo wa Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa 2020, uliwaanzishia sofosbuviri na ledipasviri wanawake wasiofika kumi wakiwa wiki ya 23 au 24. Waliofuatiliwa walipona, na watoto wao waliofuatiliwa hawakukutwa na kirusi. Matokeo hayo yanatia moyo, ila watu chini ya kumi hawawezi kuonyesha madhara yanayompata mtoto mmoja katika mia tano. Miongozo ya madaktari wa ini wa Marekani imeacha mlango wazi: mama na daktari wazungumze, wapime, waamue kwa mtu mmoja mmoja.

*Mama.* C ndani ya mimba huambatana na kuzaa kabla ya wakati, mtoto mdogo wa uzito, na ile hali ya nyongo kuziba inayoleta muwasho mkali wa viganja na nyayo hasa usiku. Muwasho wa namna hiyo usipakwe mafuta ukaachwa, upelekwe hospitali.

*Kumaliza dozi.* Hapa njia ya pili inazishinda nyenzake mbili, na ndiyo sababu siipuuzi. Kuna wanawake ambao ujauzito ndio wakati pekee katika miaka mingi wanaoingia hospitali kwa hiari, wanaofuatwa na nesi, wanaosindikizwa na mama zao. Mtoto anawapa sababu. Lakini wengi huanza kliniki wakiwa wamepita miezi mitano au sita, na vipimo na rufaa vikichelewa, hesabu ya wiki 12 inaweza isitimie kabla ya kuzaa.

*Mfuko na mwendo.* Inahitaji daktari bingwa aliye tayari kuisimamia na vipimo vya mara kwa mara, kwa hiyo kwa wengi maana yake ni hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja. Kwa mja mzito wa Micheweni hiyo ni daladala, boti, na mahali pa kulala mjini. Mpango usiohesabu nauli na malazi utakatika njiani.

*Siri.* Mchanganyiko. Safari za hospitali zina sababu inayoeleweka, maana tumbo linaonekana, lakini chupa ya vidonge ndani ya nyumba ya wakwe huulizwa.

Inamfaa nani? Mwanamke aliyefika kliniki mapema, aliyethibitishwa kwa kipimo cha pili, mwenye daktari anayeijua dawa, na ambaye yeye mwenyewe ameelezwa yanayojulikana na yasiyojulikana akakubali. Na zaidi yule ambaye, kwa historia yake, kila mtu anajua kwamba baada ya kuzaa hatarudi. Haimfai yule anayeshurutishwa. Asianze kabisa kwa vidonge alivyoletewa na jamaa kutoka nje ya nchi.

Njia ya tatu: kusubiri mpaka baada ya kujifungua

*Mtoto.* Hakutani na dawa tumboni, lakini hatari ile ya watoto sita katika mia inabaki. Watoto 94 katika 100 huzaliwa salama bila ya dawa yoyote, na mama anayechagua kusubiri hajamtelekeza mwanawe.

*Mama.* C hula ini polepole. Makovu makubwa kwa kawaida huchukua miaka 20 au zaidi, hivyo mwaka mmoja wa kusubiri kwa wengi haudhuru. Kwa mwenye ini lililokwishaharibika hesabu ni nyengine, na huyo aamue na daktari. Tena baadhi ya wanawake mwili wao hukiondoa kirusi wenyewe baada ya kuzaa, kwa hiyo kipimo cha pili hurudiwa kabla ya kidonge cha kwanza.

*Kumaliza dozi.* Udhaifu mkubwa wa njia hii uko hapa, na kwetu una sura yake. Mzazi hukaa ndani siku arubaini, mara nyingi kwa mama yake, akikandwa na kuhudumiwa. Ni mapumziko ya thamani. Lakini aliye kwenye methadoni hunywa kila siku mbele ya mhudumu, na arubaini isiyopangwa inaweza kumkata, akarudi kwenye unga ndani ya wiki ya kwanza. Familia ikae na wahudumu kabla ya mwezi wa tisa wapange: nani atamsindikiza mzazi, saa ngapi, mtoto atabaki na nani. Sijui desturi yetu yoyote inayokataza mzazi kutoka kwa ajili ya dawa. Kinachozuia ni aibu, na aibu hiyo mama mtu mzima anaweza kuivunja kwa neno moja mbele ya mawifi.

Halafu kuna kunyonyesha. C yenyewe haizuii. Maziwa ya mama hayaleti maambukizi, isipokuwa chuchu zikipasuka na kutoa damu. Hapo anasimama kwa upande ule, anakamua na kumwaga mpaka kidonda kipone. Kinacholeta suala ni vidonge, kwa sababu taarifa za dawa hizi ndani ya maziwa ni chache, na madaktari wengi hungojea mtoto aachishwe. Anayetaka kutimiza miaka miwili ya kunyonyesha ajue kwamba "baada ya kuzaa" kwake ni miaka miwili, na ndani ya hiyo anaweza kushika mimba nyengine na kurudi pale alipoanzia. Hilo ndilo tundu wanamopotelea wengi.

*Mfuko na mwendo.* Haina haraka, na dawa inaweza kuulizwa na kuagizwa mapema. Safari zinaweza kufungamanishwa na siku za chanjo za mtoto.

*Siri.* Ndani ya arubaini nyumba imejaa watu. Baadaye hurahisika.

Inamfaa nani? Anayegundulika mwishoni mwa mimba, asiye na daktari wa kumsimamia, au anayesema tu kwamba moyo wake hautulii kumeza dawa akiwa na mtoto tumboni. Sababu hiyo inatosha. Ila asiondoke kliniki na neno "baadaye". Aondoke na mwezi na jina la mahali, viandikwe kwenye kadi.

Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Sasa ule ushauri wa tatu. Mja mzito anayetumia unga asiachishwe ghafla nyumbani, wala asifungiwe chumbani apigane na arosto. Arosto kali huweza kuleta uchungu wa mapema na kuharibu mimba. Tiba inayopendekezwa kwake ni methadoni, ambayo Zanzibar ilianza kutolewa mwaka 2015 Kidongo Chekundu. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za kuikosa dawa, atalia sana, atatetemeka, lakini dalili hizo hutibika hospitalini, na kunyonya humsaidia. Kadiri tumbo linavyokua mwili hutumia methadoni haraka zaidi, kwa hiyo akisema miezi ya mwisho kwamba dozi haimfikishi asubuhi, aaminiwe, arekebishiwe. Nyumba za soba, wanakokaa wanaoacha unga, zimewasaidia wengi tangu zilipoanza hapa 2009, lakini mja mzito anayetumia unga aanzie kwa daktari.

Upasuaji haupunguzi hatari ya C. Asikubali kupasuliwa kwa sababu hiyo peke yake, wala asikimbie kuzaa nyumbani kwa kuogopa kusemwa. Mkunga akijulishwa, ataepuka kupasua chupa ya maji mapema bila ya haja na kumtoboa mtoto ngozi.

Mtoto akizaliwa hubeba alama za mama yake kwenye damu, hivyo kipimo cha haraka hakimsemi ukweli mpaka afike miezi 18. Kipimo cha kirusi chenyewe kinaweza kufanywa kuanzia miezi miwili. Wapo watoto walioambukizwa ambao miili yao hukiondoa kirusi wenyewe katika miaka ya mwanzo, na waliobaki nacho hutibiwa kuanzia umri wa miaka mitatu.

Kwa hali yako

Kama huna mimba na unataka mtoto, anza na kipimo cha pili, mchukue na mume wako, na mtafute njia ya kuzuia mimba kwa miezi ya dawa. Kwako njia ya kwanza ina faida nyingi na hasara chache.

Kama una mimba changa na unahudhuria methadoni kila siku, una kitu ambacho wengine hawana: mhudumu anayekuona kila asubuhi. Omba akuunganishe na daktari wa ini kabla ya wiki ya 20, ili uamuzi wa njia ya pili au ya tatu ufanywe ukiwa na muda. Kitengo Shirikishi cha Ukimwi, Homa ya Ini, Kifua Kikuu na Ukoma ndicho kinachoshughulikia ugonjwa huu Zanzibar, na wahudumu wa VVU katika hospitali yako watajua namna ya kukufikisha.

Kama una mimba na bado unatumia unga, jambo la kwanza kwako ni methadoni, na dawa ya C ifuate. Ukiendelea kujidunga, kila mara iwe sindano na vifaa vyako peke yako.

Kama unaishi Pemba, anzia hospitali ya Chake Chake, ya Wete au ya Abdulla Mzee, Mkoani. Uulize kipi kinafanyika pale na kipi kinahitaji safari, kabla ya kulipa nauli ya boti. Kama methadoni itakulazimu kuhamia Unguja, zungumza na jamaa wa kukupokea mapema, maana hunywewa kila siku na mtu hawezi kwenda na kurudi.

Kama una VVU pia, dawa zako za VVU ndizo kinga ya kwanza ya mtoto, na aina unayomeza ndiyo itakayoamua dawa gani ya C inakufaa.

Na kama uchungu umekwishaanza na hukuwahi kupimwa, mwambie mkunga historia yako mkiwa peke yenu, kabla njia haijafunguka. Omba upimwe C kabla hujaruhusiwa kurudi nyumbani, na kama jibu litaonyesha alama, omba tarehe ya kipimo cha mtoto iandikwe kwenye kadi yake ya chanjo.